ORODHA YA CHAKULA CHA NJAA: JE, JINA LAKO LIMO?

Vuli ikikosa, Upare mzima unajua. Mahindi yanafika magotini, jua linakaza, majani yanajikunja kama tumbaku. Huko milimani Usangi na Ugweno watu wana afadhali kidogo, kwa sababu kuna migomba, kuna mifereji na kuna ndiva za wazee. Lakini tambarare, kwa wenzetu wa Kwakoa, Jipe na Lembeni, au kwa majirani wa Same kule Makanya na Hedaru, mawingu hupita juu yakaenda zake. Ndipo maneno huanza kwenye vilabu na kisimani: "Serikali italeta chakula lini?"

Swali hilo ni zuri, ila halijakamilika. Chakula hakiletwi na maneno ya kisimani. Huletwa na karatasi, na karatasi hiyo huanzia kijijini. Sisi tunaofundisha kisomo tumeona mara nyingi watu waliojua kusoma na kuandika wakikosa mgao, si kwa sababu hawakuwa na njaa, bali kwa sababu karatasi ilipoandikwa wao hawakuwepo. Leo basi tuieleze karatasi hiyo.

Kwanza tujue chakula chenyewe hutoka wapi. Njaa ya mwaka 1973 na 1974 iliishtua nchi. Serikali ilinunua nafaka nyingi ng'ambo, na wazee wetu wanayakumbuka mpaka leo yale mahindi ya manjano waliyoyaita yanga. Ukimtajia mzee yanga atacheka, kisha atakunja uso. Baada ya hapo nchi ikaanza kujiwekea akiba yake ya nafaka. Akiba hiyo sasa iko mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanza kazi mwaka 2008. Wakala hununua mahindi kwenye mikoa inayovuna sana, kama Ruvuma na Rukwa, na kuyaweka katika maghala ya kanda. Sisi wa Kilimanjaro tunahudumiwa na kanda ya Arusha.

Ghala hilo halifunguliwi na Mkuu wa Wilaya, wala na Mbunge, wala na Mwenyekiti wa kijiji. Maombi hupanda ngazi. Kijiji huandika hali yake na kuipeleka kwenye kata. Kata hukusanya ya vijiji vyake na kuyapeleka wilayani. Wilaya huyapeleka mkoani, na mkoa huyafikisha Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayoshughulikia maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati katika ngazi hizo zote, kuanzia kijiji. Wataalamu nao huja kupima ukweli wa maombi. Huuliza bei ya mahindi sokoni, huangalia mashamba, hutazama watoto wanakula mara ngapi kwa siku. Ndipo Serikali huamua kama chakula kitatoka, kiasi gani, na kwa masharti gani.

Kwa hiyo mtu mmoja haandiki barua Dodoma kuomba gunia. Kinachoomba ni kijiji. Kazi ya kaya ni kuhakikisha imehesabiwa, na imehesabiwa kwa haki.

Na tusidanganyane: kuomba si kupata. Mwanzoni mwa mwaka 2017, wakati wa ukame, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi waziwazi kuwa wasitegemee kugawiwa chakula na Serikali, bali wafanye kazi na kutunza wanachovuna. Miaka mingine chakula kimetoka. Katika ukame wa mwaka 2005 na 2006, mahindi ya akiba yaliuzwa kwa bei nafuu ya shilingi 50 kwa kilo, na watu wasiojiweza kabisa walipewa bure. Kwa hiyo unaposikia "chakula cha msaada", uliza mara moja: ni cha bure au ni cha bei nafuu? Wako waliokwenda ghalani na gunia tupu mkononi bila senti, wakarudi na gunia tupu.

Jambo linalotuudhi zaidi ni kuchelewa. Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba. Ikifika katikati ya Desemba kila mkulima anajua shamba lake litatoa nini. Huo ndio wakati wa kuitaka Halmashauri ya Kijiji ikae na kuandika. Vijiji vingine hungoja mpaka Machi, akina mama wameshauza mbuzi wa mwisho, ndipo muhtasari unaandikwa. Hesabu miezi ya karatasi kupanda ngazi zote zile, na lori kushuka: chakula kinafika masika ikiisha, watu wamekula mpaka mbegu. Hapo lawama huenda wilayani, na kumbe nusu ya kuchelewa ilikaa kijijini kwetu.

Jingine ni takwimu. Afisa kilimo akija kuuliza umelima ekari ngapi na umevuna madebe mangapi, wengine huongeza kwa kujisifu, wengine hupunguza wakiogopa ushuru. Aliyesema amevuna magunia kumi, kumbe ni mawili, amejitoa mwenyewe kwenye orodha. Mwambie ukweli, na wewe uandike katika daftari lako: tarehe, ekari, ulichopanda, ulichovuna. Daftari la shilingi mia chache litakutetea kuliko machozi.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe, maana hapa ndipo penye moto.

Orodha huandikwa kwa kaya. Kaya ni nini? Ni watu wanaokula chungu kimoja. Si watu wenye ukoo mmoja, wala si watu wenye boma moja. Mama mwenye nyumba yake na jiko lake, ijapokuwa amejenga nyuma ya nyumba ya mwanawe, ni kaya yake.

Katika kijiji kimoja cha tambarare, ambacho hatutakitaja, bibi mmoja mjane alikosa mgao. Alikuwa analea wajukuu watatu. Alipofika ghalani akaambiwa, "Bibi, wewe umo kwa mwanao." Akajibu, "Mwanangu yuko Dar es Salaam mwaka wa sita, baba. Chungu changu napika mwenyewe." Wakatazama kitabu: kweli, jina la mwanawe lilikuwemo, na idadi ya watu ikaandikwa mmoja. Mgao wa mtu mmoja, kwa jina la mtu asiyekuwepo! Kosa lilikuwa kwenye daftari la kitongoji, ambalo lilikuwa halijaguswa miaka mingi. Siku ile majirani walimchangia, kila mtu kibaba. Mwezi uliofuata jina lake likaingizwa. Lakini mwezi mmoja kwa watoto watatu si mchezo, na mdogo wao aliacha shule wiki mbili akimsaidia bibi yake kutafuta mboga za porini.

Sasa wewe usingoje ufike ghalani. Nenda kwa Mwenyekiti wa kitongoji mapema, wakati hakuna njaa, mwombe akusomee kaya yako ilivyoandikwa. Angalia nani amezaliwa, nani amefariki, nani ameolewa, nani amehama. Akisema daftari liko kwa Mtendaji, fuata kwa Mtendaji. Hilo si kumsumbua mtu.

Orodha ikishaandikwa, isomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji na kubandikwa mahali pa wazi. Mkutano Mkuu ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, wanaume kwa wanawake, na unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Hapo jina la mwenye duka na ng'ombe ishirini likisomwa miongoni mwa wasiojiweza, watu wanacheka chini chini. Wasicheke, wanyooshe mkono! Na jina la mgonjwa asiyeweza kutembea hadi mkutanoni lisiposomwa, jirani yake amsemee.

Wengine wataona haya. Watasema, nitaonekana mgomvi. Ajabu! Watani zetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe kumi kwa kesi ya ng'ombe mmoja, halafu Mpare huyo huyo anaona haya kuuliza gunia lake? Wazee wetu hawakuona haya. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka milimani wakaenda Same kupinga kodi ya mbiru. Walichokataa ni mtindo wa watu wachache kukaa na kukadiria mali ya kila mtu, kisha mwenyewe anaambiwa tu kiasi cha kulipa. Orodha ya chakula nayo ni makadirio ya mali yako. Una haki ya kujua yalivyofanywa.

Ukikuta jina lako halimo, andika barua. Maneno ya mdomo husahauliwa, barua hubaki. Hebu tazama mfano huu, uujaze kwa habari zako mwenyewe:

Kitongoji cha ............
Kijiji cha ............
Tarehe ............

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji.

YAH: KAYA YANGU KUTOKUWEMO KATIKA ORODHA YA CHAKULA

Mimi ni mkazi wa kitongoji hiki. Kaya yangu ina watu wanne: mimi na wajukuu watatu. Msimu wa vuli nililima ekari moja na nusu ya mahindi, nikavuna madebe mawili. Sina mifugo ila kuku. Orodha iliyobandikwa tarehe ............ haina jina langu. Naomba Halmashauri ya Kijiji ilifikirie jambo hili na kunijibu.

Jina na sahihi ............
Nakala: Afisa Mtendaji wa Kata.

"Yah" maana yake ni yahusu. Barua haina matusi wala hadithi ndefu. Ina idadi ya watu, ekari, mavuno na tarehe, basi. Andika nakala mbili. Moja umkabidhi Mtendaji wa kijiji, ya pili aitie sahihi na tarehe kuonyesha kuwa ameipokea, urudi nayo nyumbani. Usipojibiwa, nenda nayo kwa Mtendaji wa Kata, halafu wilayani, ngazi kwa ngazi. Ukiruka ngazi utarudishwa ulikotoka, na siku zinakwenda.

Lori likifika, kazi bado. Hapa hesabu tulizojifunza zina faida. Tuseme limeleta tani 10. Hizo ni kilo 10,000, yaani magunia 200 ya kilo 50. Hesabuni magunia yakishushwa, wanakijiji wawili watatu wakiwa na kalamu. Kama orodha ina watu 500, kila mtu anastahili kilo 20, na kaya ya watu sita kilo 120. Hesabu hii mtu yeyote aliyemaliza kisomo anaiweza. Ikiwa mgao unakuja mdogo kuliko hesabu, uliza salio limekwenda wapi. Pengine kuna jibu zuri, kwa mfano kitongoji kingine kiliongezwa. Lakini liulizwe.

Dai mizani. Debe ni adui wa maskini: leo linajazwa hivi, kesho vile, na jingine limebonyezwa tumbo. Kama ni mahindi ya kununua, dai stakabadhi yenye kilo na fedha ulizotoa. Na kabla ya kutia sahihi au dole gumba, soma mstari wa jina lako. Umeandikiwa kilo ngapi? Umepokea ngapi? Zisipolingana, kalamu iwekwe chini kwanza.

Ukishafika nayo nyumbani, ujue pia itakwenda mpaka lini. Watu wazima na watoto kwa pamoja, wataalamu hukadiria nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku. Kwa watu sita hiyo ni kilo 2 na gramu 400 kila siku, au kilo 72 kwa mwezi. Kwa hiyo kilo 120 hazitafika miezi miwili. Makande yanasaidia, maana maharage au kunde hushibisha na kujenga mwili, na mahindi huenda mbali zaidi. Pombe haijengi mwili wa mtoto, tunaomba tusiulizwe zaidi.

Tumalizie na mambo mawili ambayo watu huyachanganya na chakula cha njaa. La kwanza ni TASAF. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012, na kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Huo ulikuwa wa fedha, na kaya ziliingizwa kwa njia yake: mkutano wa kijiji kutaja majina, kisha dodoso nyumba kwa nyumba, kisha majina kurudi mkutanoni. Kuwa kwenye kitabu cha TASAF hakukuingizi kwenye orodha ya chakula, wala kutokuwemo hakukuondoi. La pili ni tembo. Wenzetu wanaopakana na Mkomazi, tembo akila shamba, wana dai la kifuta jasho, ambalo huenda kwa watu wa wanyamapori na si kwa kamati ya maafa. Siku hiyo hiyo mwite Mtendaji aje aone nyayo na mahindi yaliyovunjwa kabla mvua au ng'ombe hawajafuta, aandike idadi ya ekari mbele yako, nawe ubaki na nakala.