Rangi Mpya, Injini ya Zamani: Tuliponunua Trekta la Wakfu

Shamba la wakfu la msikiti wetu ni ekari 11. Bibi aliyelitoa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alishurutisha kwamba mazao yake yasomeshe watoto wa madrasa. Lakini trekta la kukodi lilikuwa likifika mvua zimekwisha kuanza, na magugu yakitutangulia. Kamati ikaafiki kutafuta trekta dogo lililotumika, la nguvu farasi 20 hivi, miongoni mwa yale yaletwayo kutoka Japani na kufanyiwa matengenezo.

Tulikwenda Dar es Salaam watatu: mweka hazina, mimi, na fundi mmoja mzee tunayemwita Babu. Katika yadi ya kwanza tulikuta trekta likimeremeta kwa rangi mpya, injini ikinguruma. Babu akaomba izimwe, turudi baada ya Alasiri.

"Mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa hapimwi homa," alisema.

Injini iliyopoa ndiyo isemayo kweli. Ikiwashwa ikatoa moshi wa buluu usiokoma, inaunguza oili. Tuliporudi, tuliikuta imewashwa tena. Mita ilionyesha saa 640 za kazi, ilhali pedali ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma. Mwuzaji akasema tunanunua kama tulivyoona, na kwamba tukichelewesha malipo tutaongeza fedha kila mwezi. Nyongeza hiyo ni riba, haina jina jingine. Mweka hazina akafunga mkoba wake.

Ama hilo neno "kama mlivyoona", limezoeleka mno masokoni. Mwuzaji anayejua kasoro analazimika kuibainisha. Sote tunakijua kisa cha Mtume (rehema na amani zimshukie) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Rangi iliyopakwa juu ya sili inayovuja ni nafaka ile ile.

Mwuzaji wa pili hushughulika na matrekta madogo pekee. Yeye alianza na kasoro. Matrekta haya, alieleza, mengi yamelima majaruba ya mpunga, na tope hula sili za ekseli ya mbele, akatuonyesha alizozitoa. Akafungua oili ya giaboksi mbele yetu, kwani ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Bei yake ilizidi ile ya kwanza kwa shilingi milioni 2. Nakiri kwamba nilisita: mchango ule ulikuwa na fedha za akina mama wauza vitumbua, na kila elfu ilikuwa amana. Babu hakusita.

Tuliandikiana mbele ya mashahidi: bei moja isiyobadilika, malipo mawili, na khiyari ya siku 3, muda ambao madhehebu ya Imamu Shafi yanauruhusu.

Siku ya pili shambani, oili ilionekana ikichuruzika kwenye gurudumu la mbele. Vijana walitaka wamalize kwanza. Nikawazuia: aliyeiona kasoro akaendelea kukitumia chombo huhesabiwa ameridhika nayo, na haki ya kukirejesha humtoka. Tukampigia mwuzaji simu pale pale.

Alifika jioni na sili mkononi. Yeye na Babu walifungua gurudumu, wakalifunga kabla ya Magharibi. Ekari 4 zilikuwa zimekwisha kulimwa, 7 zimebaki, na mvua bado.