Masalio ya Vyakula Madukani

Mazao hayafi yanapovunwa. Kiazi kilichochimbwa, nyanya iliyochumwa na kabichi iliyokatwa huendelea kupumua: huvuta oksijeni, huteketeza akiba ya sukari na wanga, na hutoa maji, kaboni dayoksaidi na joto. Kwa kawaida ongezeko la joto la sentigredi 10 huzidisha upumuaji huo mara mbili au tatu, na uhai wa zao dukani hufupika kwa kiasi hicho.

Kanuni hiyo yadhihirika Chimala, mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali, Mkoani Mbeya, ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Juu yake ziko nyanda za baridi za Matamba na Kitulo, zilimwazo viazi. Chini yake limelala bonde la Usangu lenye joto na mpunga. Viazi vikishuka mlima kwa barabara ya kona 57, hutoka penye baridi na kuingia penye joto kwa muda mfupi, navyo vimeshindiliwa katika magunia ya lumbesa. Kilichochubuka hupumua haraka zaidi, na jeraha lake huwa mlango wa bakteria. Kimoja kikioza, hulowesha na kuambukiza jirani zake.

Kuna hasara nyingine isiyonuka. Kiazi kikianikwa mbele ya duka ili mteja akione, mwanga hukigeuza kuwa kijani. Rangi hiyo ni klorofili, nayo haidhuru. Lakini pamoja nayo huongezeka solanini, sumu chungu isiyokwisha kwa kuchemshwa. Kiazi cha namna hiyo hakifai mezani wala katika hori la nguruwe. Kukifunika kwa gunia kungetosha kukiokoa.

Majani ya kabichi, nyanya zilizolainika na ndizi zilizoiva mno hazina matata. Nguruwe huzila, au hugeuzwa mboji zikichanganywa na maganda ya mpunga kutoka mashine za kukoboa, ambayo hupitisha hewa ndani ya lundo. Zikitupwa shimoni pasipo hewa, vijidudu vya aina nyingine huzigeuza kuwa methani, gesi ambayo ikikusanywa katika tangi huwaka jikoni.

Hatari kubwa imo katika nafaka. Mahindi na karanga zilizopata unyevu huota kuvu aitwaye Aspergillus flavus, naye hutengeneza sumukuvu. Sumu hii ilitambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Huharibu ini na kuleta saratani yake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki.

Mwenye duka aliyeharibikiwa na gunia huona hasara iwezayo kumeza faida ya siku nyingi, hivyo hushawishika kuliuza kwa bei ya chini, liwe chakula cha kuku au kimea cha pombe. Ushawishi huo waeleweka, lakini kemia haiukubali. Kuchemsha huua vijidudu. Sumukuvu hustahimili joto la jiko, na kuchacha kwa pombe hakuiondoi yote. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka katika maziwa. Gunia lililoota ukungu lafaa kufukiwa mbali na visima.

Kinga yake ni nyepesi kuliko dawa. Magunia huwekwa juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta, nayo mahindi huhifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo hutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa na kuiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo yarudishwe juani kabla hayajapokelewa dukani.