Malkia na Suala la Mume

Katika Suratun-Naml Allah (S.W.) anatusimulia habari za malkia wa Sabaa: kiti chake kikubwa cha enzi, wakuu aliowataka shauri, na kusilimu kwake pamoja na Nabii Sulaiman (A.S.). Kuhusu mume, Qur'an imenyamaza. Wafasiri ndio waliokhitalifiana iwapo Sulaiman alimuoa.

Je, malkia anayetawala aolewe? Stanley alipopita Morogoro mwaka 1871, njiani kwenda Usagara, yaani pande za Kilosa, alikuta mji wenye ngome ya mawe chini ya Simbamwene, binti Kisabengo. Kwa Waluguru, na vilevile kwa Wasagara na Wavidunda wa Kilosa na Mikumi, mtoto ni wa ukoo wa mama. (Simbamwene mwenyewe, ajabu, alikirithi kiti kwa baba.) Penye mila hiyo mume hawezi kuuhamisha utawala: atakayezaliwa ni wa ukoo wa mkewe.

Kisiwani Mwali, Komoro, mambo yalikuwa mengine. Jumbe Fatuma alirithi utawala mwaka 1842, angali mtoto. Alipoolewa na jamaa wa Sultani wa Zanzibar, Wafaransa waliuona mkono wa Unguja ndani ya jumba lake, na mume akaishia kufukuzwa kisiwani. Sidhani kama walijali Fatuma mwenyewe alitaka nini. Kwao ndoa ile ilikuwa mkataba na dola nyingine. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1878, aliyekalia kiti ni mwanawe wa ndoa hiyo hiyo.