Usukani wa kaboni kwa baiskeli za milimani: mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza

Mbio za Migration Gravel Race, zilizoanza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya, na mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, yamewaleta katika ukanda huu waendeshaji wanaohesabu uzito wa kila kipuri kwa gramu. Wapo pia watalii wanaopanda na kushuka vilima kwa baiskeli, na vijana wa mijini wanaotaka baiskeli inayofanana na zile wanazoziona kwenye televisheni.

Kwa mfanyabiashara, kipuri kinachovutia katika soko hili ni usukani wa kaboni. Ni mwepesi, hauozi, na faida yake kwa kipande kimoja ni kubwa kuliko ya usukani wa chuma. Hata hivyo, ni kipuri ambacho kikikatika njiani mwendeshaji hana cha kushika. Gurudumu likipasuka, mtu husimama. Usukani ukikatika kwenye mteremko, mtu huanguka kwa uso, na wa kwanza kutafutwa ni aliyeuza.

KABONI NI NINI

Kaboni inayozungumzwa hapa si ile karatasi ya kunakilia risiti. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka katika pande mbalimbali, zikashikanishwa kwa gundi ngumu iitwayo resini, kisha zikaokwa ndani ya kalibu. Nyuzi hizo nyingine hutengenezwa Japani na kampuni ya Toray, lakini sukani zenyewe kwa sehemu kubwa hutengenezwa Taiwan na China, zikiwemo nyingi zinazouzwa kwa majina ya Ulaya na Marekani.

Nguvu ya nyuzi hizo iko kwenye urefu wake, kama kamba ya katani. Ikivutwa haikatiki kirahisi, lakini ikiguswa ubavuni kwa kisu inaachia. Ndiyo maana usukani wa kaboni unaweza kubeba mwendeshaji mzito kwa miaka mingi bila kuchoka, na usukani huo huo ukaharibiwa na bolti moja iliyokazwa kupita kiasi. Alumini mara nyingi hupinda kwanza, na mwenye macho huona. Kaboni haipindi. Hukaa vizuri mpaka siku inapokatika.

GRAMU ZINAZOOKOLEWA

Usukani mzuri wa alumini wa upana wa milimita 780 hadi 800 huwa na uzito wa gramu 300 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Wa kaboni wa upana huo huo huwa kati ya gramu 200 na 250. Tofauti ni kama gramu 100, yaani sehemu ya tano ya chupa ya maji ya nusu lita. Mteja anayenunua kwa ajili ya uzito peke yake anapaswa kuelezwa hivyo wazi, maana bei ya usukani wa kaboni huwa mara mbili ya ule wa alumini au zaidi. Anayepanda mlima na chupa mbili angeweza kuokoa uzito huo kwa kunywa maji kabla ya kuondoka.

Faida ambayo waendeshaji wengi huisifia zaidi ni nyingine. Kaboni hupunguza mtetemo. Kwenye barabara za vumbi zenye matuta madogo madogo, mikono huchelewa kufa ganzi. Kwa mtu anayeendesha saa 5 au 6 kwa siku, hiyo ni sababu ya kweli ya kulipa zaidi.

Ikumbukwe pia kwamba wepesi una daraja lake. Baadhi ya watengenezaji huandika kwenye kipuri namba ya daraja la matumizi kwa kufuata kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM F2043. Daraja la 3 ni la njia za porini ambako baiskeli hairuki kutoka kimo cha zaidi ya sentimita 61. Daraja la 4 hufika sentimita 122, na la 5 ni la michezo ya kuruka na kushuka milima kwa kasi. Usukani mwepesi kuliko yote katika katalogi kwa kawaida ni wa daraja la 3. Kumuuzia kijana anayeruka makorongo usukani wa gramu 160 ni kumtafutia balaa, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyeuomba.

MAANDISHI YASIYOTHIBITISHA KITU

Wauzaji wa mtandaoni hupenda kuandika "3K", "T800" au "T1000" kwenye sukani za bei ya chini. Neno 3K lina maana ya fungu lenye nyuzi 3,000, na kwa usukani huonekana kama mkeka uliofumwa juu ya uso. Aghalabu tabaka hilo la juu ni la pambo. Nguvu inatoka kwenye tabaka za ndani ambazo hazionekani, na usukani usio na mkeka wowote unaweza kuwa bora zaidi. T800 ni daraja la uzi la Toray, lakini stika haithibitishi kilichomo ndani, wala uzi mzuri hausaidii kama aliyeulaza aliacha mapengo au mikunjo.

Kitu chenye maana zaidi ni kama usukani umepita vipimo vya ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ambacho sehemu yake ya 5 inahusu vipimo vya usukani na shingo yake. Mwagizaji ana haki ya kumwomba kiwanda cheti cha kipimo chenye namba ya modeli ile ile anayonunua. Kiwanda cha kweli hukitoa. Dalali asiyejua mali ilikotoka atatuma picha ya cheti cha bidhaa nyingine, au atabadilisha mazungumzo na kuanza kushusha bei.

Kuhusu bei, usukani mpya wa kaboni wenye jina kubwa kwa kawaida huvuka dola 100 za Marekani. Wenye jina hilo hilo ukiuzwa dola 20, stika ndiyo iliyonunuliwa.

VIPIMO VYA KUAGIZA

Hapa ndipo mtaji wa wengi hukwama. Sehemu ya katikati ya usukani, inayobanwa na shingo, ina vipenyo vitatu vinavyopatikana sokoni: milimita 25.4, 31.8 na 35. Baiskeli za zamani na nyingi za bei nafuu hutumia 25.4. Baiskeli za milimani za miaka ya karibuni hutumia zaidi 31.8, na baadhi hutumia 35. Usukani wa 35 hauingii kwenye shingo ya 31.8, na hakuna fundi anayeweza kuupunguza. Kuusugua kwa tupa ni kukata nyuzi zinazoubeba. Anayeanza biashara hii afadhali aagize 31.8 peke yake, na 35 iwe kwa oda ya mteja aliyelipa.

Upana una nafuu kidogo. Waendeshaji wa mbio za porini hupenda kati ya milimita 720 na 760, na wale wa njia ngumu 760 hadi 800. Usukani mpana unaweza kukatwa, mfupi haurefushwi, kwa hiyo stoo yenye sukani za milimita 780 inahudumia wengi, mradi mtengenezaji ameweka alama za mahali pa kukatia. Kukata hufanywa kwa msumeno wa meno madogo baada ya kuzungushia utepe mahali penyewe, huku fundi akiwa amefunika pua na mdomo, maana vumbi lake lina madhara kwenye mapafu. Kikatio cha bomba cha fundi bomba hakifai. Kinaminya kabla ya kukata.

Mwinuko wa usukani, kuanzia ulionyooka hadi milimita 35 au zaidi, ni suala la mgongo wa mteja na urefu wake. Wa milimita 10 hadi 20 huwafaa walio wengi.

Baiskeli za mizigo ni jambo jingine kabisa. Baiskeli inayobeba mkungu wa ndizi, gunia la mkaa au kreti za soda kuvuka mpaka, kama zile zilizoipa Busia jina la boda boda, inahitaji usukani wa chuma ambao fundi wa kando ya barabara anaweza kuunyoosha. Kaboni haikutengenezwa kufungiwa kamba za mpira wala kuning'inizwa madumu.

KUFUNGA

Sukani nyingi za kaboni huharibikia mikononi mwa fundi kabla hazijafika njiani. Bolti za shingo hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa kawaida kati ya nyutonimita 4 na 6, na kiwango cha juu huandikwa kwenye usukani au kwenye shingo. Pale viwango viwili vinapotofautiana, hufuatwa kilicho kidogo. Fundi anayekaza kwa kusikiliza mkono, hata awe na uzoefu wa miaka 20 wa chuma, atazidisha.

Grisi ya kawaida haipakwi. Badala yake kuna krimu maalumu yenye chembechembe ndogo zinazoongeza mshiko, ili bolti zisihitaji kukazwa sana. Kichupa kimoja hutosha baiskeli nyingi, na muuzaji mwerevu hukiweka kaunta pamoja na spana yenye kipimo. Kingo za shingo zikaguliwe kwa kidole. Zikiwa na makali, zitachora mstari kuzunguka usukani, na hapo ndipo utakapokatika. Mikono ya breki na ya gia ikazwe kiasi cha kutoteleza wakati wa kuendesha, lakini iweze kuzunguka baiskeli inapoanguka, badala ya kuchimba kaboni.

MITUMBA

Baiskeli zilizotumika kutoka Ulaya na Japani huja zimebanana ndani ya makontena, sukani zikiwa zimegeuzwa ubavuni na kusukumwa na fremu za wenzake. Katika rundo hilo huwemo moja moja zenye usukani wa kaboni, na wauzaji huzitenga kwa bei ya juu.

Ukaguzi unawezekana kwa kiasi. Mipira ya mikono na mikono ya breki itolewe yote, maana uharibifu hujificha chini yake. Mchubuko unaonasa ukucha, mstari mweupe, rangi iliyovimba, au sauti ya kukwaruza usukani unapobonyezwa ni sababu za kuukataa. Wapo wanaogonga kwa sarafu na kusikiliza. Sauti ikififia sehemu moja, pana tatizo. Lakini sauti ikiwa safi haina maana kwamba tabaka za ndani hazijaachana, na hakuna mtu kwenye soko la mitumba mwenye mashine ya kuona ndani.

Kwa hiyo usukani wa kaboni uliotumika usiuzwe kabisa. Baiskeli ikinunuliwa nao, utolewe, uwekwe wa alumini mpya, na ule wa zamani ukatwe vipande viwili kwa msumeno. Ukitupwa mzima, utarudi sokoni ndani ya wiki.

USAFIRISHAJI NA MPAKANI

Wepesi wa mzigo huu huwadanganya wengi katika hesabu ya ndege. Katoni ya sukani 20 yenye urefu wa sentimita 82, upana 40 na kimo 30 inaweza kuwa na uzito wa kilo 6 tu kwenye mizani. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa ujazo huo kwa 5,000 na kutoza kwa kinachopatikana, yaani karibu kilo 20. Mwagizaji aulize vipimo vya katoni kabla ya kulipa kiwanda, kwa sababu kupunguza sentimita 10 za kimo kunaokoa kilo 6 hadi 7 za nauli.

Kwa dereva, katoni hizo hukaa juu ya mzigo, haziwekewi jeki wala spea tairi juu yake, na mkanda wa kufungia mzigo haupiti moja kwa moja juu yake. Baiskeli nzima zikisafirishwa kwa lori, kamba ifungwe kwenye fremu ya chuma au kwenye magurudumu, kamwe si kwenye usukani. Katoni iliyofika imebonyea ifunguliwe mbele ya dereva, kabla ya karatasi ya kupokelea mzigo kusainiwa.

Kwenye forodha, usukani ni kipuri cha baiskeli na huingia katika kifungu cha 8714.99, tofauti na fremu na foki ambazo ziko 8714.91. Ankara inayosema "vipuri" bila kufafanua huchelewesha mzigo.

Wapo wanaonunua Nairobi na kuvuka Namanga wakidhani kwamba cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kitawavusha bila ushuru. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usukani uliotengenezwa Taiwan haubadiliki kuwa wa Kenya kwa kulala dukani Nairobi. Anayeuvusha abebe ankara ya ununuzi na nakala ya hati za forodha za uagizaji wa kwanza, na amuulize wakala wa forodha mapema iwapo mzigo utatozwa tena upande wa pili.

Hati hizo zina kazi nyingine. Watengenezaji wengi huchukua madai ya dhamana kwa risiti ya muuzaji waliyemuidhinisha na namba iliyochapwa kwenye usukani, na baadhi humpa punguzo mteja aliyeanguka ili anunue mpya badala ya kuendelea na wa zamani. Muuzaji wa Arusha au Kampala aliyenunua kwa mtu wa kati asiye na risiti hana dhamana ya kumpa mteja wake, na ni vyema bei anayotoa kwa mtu huyo wa kati izingatie hilo tangu mwanzo.