Tuwapongezeje Wahitimu wa Ufundi?

Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima, Buswelu, Mwanza

  Wenye madaftari na wayafungue. Mwenye kuandika kwa shida amwombe jirani yake amwandikie, maana mwisho wa somo yako maswali ya kuzungumza katika kikundi.

Leo tutazungumza juu ya vijana wetu waliomaliza vyuo vya ufundi. Siku ya mahafali twawavika mashada, twapiga vigelegele, na mwenye uwezo huchinja. Hayo ni mema, wala sisemi yaachwe. Lakini yafaa tujiulize: tunapongeza nini hasa? Twapongeza karatasi aliyopewa kijana, au kazi anayoweza kuifanya? Na ikiwa twapongeza kazi, mbona siku ya pili ya sherehe kijana yule yupo nyumbani mikono mitupu, hana hata nyundo?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wenzetu wa Kenya huviita vyuo vya namna hii politekniki. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ni ufundi wa namna nyingi. Lilienea kutoka Ufaransa, ambako shule kubwa ya wahandisi ilianzishwa mjini Paris mwaka 1794. Baadaye, katika miaka ya 1880, mjini London likawa jina la mahali ambapo vijana waliofanya kazi mchana walikwenda kusoma jioni. Hapa Tanzania hatulitumii sana. Sisi twasema chuo cha ufundi stadi, taasisi ya teknolojia, au chuo cha maendeleo ya wananchi. Majina ni mbalimbali, lakini shabaha ni moja: kumfundisha mtu kazi ya mikono pamoja na sababu zake.

Wala elimu hii si ya watu wa chini, kama wengine wanavyodhani. Makerere, inayojulikana leo kuwa chuo kikuu, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, nao walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Dar es Salaam ilipata chuo chake cha ufundi mwaka 1957, na mwaka 1997 chuo hicho kikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa nchi ya Sweden. Katika mkoa wetu viko Malya, Sengerema na Karumo. Kisha sheria ya mwaka 1994 iliunda mamlaka ya ufundi stadi, ambayo sote twaijua kwa jina la VETA, na chuo chake hapa Mwanza kipo Nyakato. DIT nayo ina kampasi hapa Mwanza inayofundisha kazi ya ngozi, na Nyegezi kipo chuo cha uvuvi. Basi, msikilizaji wa Buswelu hawezi kusema kwamba ufundi uko mbali naye.

Sasa tuangalie mhitimu anatoka chuoni na kitu gani. Wengine husema, "Fundi yeyote anajua kuchomelea. Chuo cha nini?" Haya, tuchukue mfano huo wa kuchomelea. Vipande viwili vya chuma vikiungwa, mshono unaweza kung'aa kwa juu, na ndani ukawa na matundu, au takataka za moto zilizonaswa, au sehemu ambazo chuma hakikuyeyuka kikashikana. Kwa macho tu huwezi kuona. Utaona siku lango litakapoanguka, au tela litakapokatika njiani. Mtu aliyefundishwa vizuri anajua kwa nini chuma kisafishwe kabla ya kuunga, kiasi gani cha umeme kinafaa kwa unene gani wa chuma, na jinsi ya kuupima mshono wake baada ya kuumaliza. Kadhalika mwashi aliyefundishwa haamini jicho lake, ananing'iniza timazi. Fundi umeme aliyefundishwa haachi kufunga waya wa kwenda ardhini, ijapokuwa taa zinawaka hata bila waya huo, kwa kuwa anajua kwamba siku ya hitilafu waya huo ndio utakaomwokoa mtu.

Kazi kubwa zinategemea mikono ya namna hii. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa kimejaza watu kupita kiasi, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kivuko kipya cha Ukara kilichofuata kiliundwa hapahapa Mwanza. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, ambalo laitwa Daraja la John Magufuli. Katika kazi kama hizo mhandisi huchora, lakini mchoro hauelei majini wala haubebi gari. Wanatakiwa wachomeleaji, wafunga nondo, mafundi umeme, mafundi rangi na mafundi mitambo, na kila mmoja asipofanya sehemu yake sawasawa, wote wamekosea. Sisi tunaopanda kivuko hatuyajui majina yao, lakini twaweka roho zetu mikononi mwao.

Na kazi ndogo je? Hizo nazo ndizo zinazoujenga mji. Buswelu yetu inakua. Hapa ndipo zilipo ofisi za Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012, na kila upande twaona misingi inachimbwa na mabati yanapandishwa. Nyumba moja tu yahitaji mwashi, seremala, fundi bomba, fundi umeme na mchomeleaji wa madirisha. Mama akitaka sare ya mtoto humwendea fundi cherehani. Mafanikio ya wahitimu wetu tusiyatafute kwenye magari na majumba yao peke yake. Tuyatafute kwenye paa la darasa lisilovuja, kwenye pampu ya maji iliyotengenezwa ikafanya kazi tena, na kwenye banda la fundi lenye vijana wawili watatu wanaojifunza.

Hapa yafaa tujifunze jambo kutoka kwa wenzetu wa Kenya. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilitoa taarifa juu ya watoto wengi waliokuwa wakimaliza shule ya msingi bila kupata nafasi ya kuendelea. Kutokana na mawazo hayo zikaanzishwa politekniki za vijiji: majengo ya gharama ndogo, na mafunzo ya kazi zinazotakiwa palepale kijijini. Waanzilishi hawakutaka mitihani iwe shabaha. Walitaka kipimo kiwe hiki: kijana akitoka, je, anapata riziki kwa ufundi wake karibu na kwao? Lakini vijana wenyewe na wazazi wao walidai majaribio ya ufundi ya serikali, ili wapate cheti.

Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu, pande zote mbili. Cheti hufungua mlango wa kiwanda ambako hakuna anayekujua. Kazi njema hufungua mlango wa jirani anayekujua. Fundi anahitaji milango yote miwili. Kosa letu ni kuusherehekea mlango wa kwanza, kisha kumfungia ule wa pili.

Twamfungiaje? Twamfungia kwa njia tatu.

Ya kwanza ni maneno. Kijana akichaguliwa kwenda chuo cha ufundi, wako jamaa wanaosema, "Amefeli, ndiyo maana kapelekwa huko." Neno hilo humvunja moyo kabla hajashika randa. Na kwa binti ni vibaya zaidi, maana huambiwa kwamba umeme na uashi si kazi za wanawake. Waya hauulizi mkono ulioushika ni wa mwanamume au wa mwanamke. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vimewapokea hata mabinti waliokatiza shule kwa sababu ya kupata watoto, wakajifunza ufundi. Mzazi mwenye binti wa namna hiyo asikae akilia. Na aende chuoni kuuliza.

Njia ya pili ni vifaa. Tuseme kijana amemaliza kujifunza useremala. Familia imeuza ng'ombe kwa karo, na sasa yauza mwingine kwa sherehe. Wageni wanakula, wanaondoka. Kijana hana msumeno, hana randa, hana patasi, hana jiriwa. Anaazima leo, kesho anakatazwa. Baada ya miezi kadhaa anaacha ufundi wake na kutafuta kibarua chochote, na ujuzi wote ule unakwenda bure. Tupige hesabu ndogo. Ikiwa watu 60 wanakuja kwenye sherehe, na kila mmoja anatoa shilingi 10,000, jumla ni shilingi 600,000. Fedha hiyo ikitumika kwa vyakula na muziki, itakwisha usiku mmoja. Ikigawanywa, sehemu ndogo kwa chai na sehemu kubwa kwa vifaa, kijana ataanza kazi wiki inayofuata. Mwalimu wake wa chuo aombwe aandike orodha: kifaa gani kinunuliwe kwanza, kipi kinaweza kungoja. Mkono mtupu haulambwi, na tena haurandi mbao.

Vifaa vikubwa, kama mashine ya kuchomelea, huenda vikamshinda mtu mmoja. Basi vijana na waungane. Sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi sharti kisajiliwe, nacho kieleze kazi yake waziwazi. Mwendeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaoneshe utaratibu. Lakini kumbukeni kwamba mkopo si zawadi. Fundi asiyeandika mapato na matumizi yake kila siku asikope.

Njia ya tatu ni sisi wateja. Twamwita fundi wa mbali kwa bei kubwa, na kijana wa mtaani twataka atufanyie bure kwa kuwa ni mtoto wetu. Au twampa kazi, kisha twamlipa nusu, na nusu nyingine twamzungusha miezi. Mtu wa namna hiyo hampongezi mhitimu, bali anamuua. Njia njema ni kupatana bei mbele ya shahidi, kuandika, kulipa kwa wakati, na kukagua kazi. Ndiyo, kukagua! Kumsifu fundi aliyejenga ukuta uliopinda si wema. Mwambie alete timazi, mpime pamoja. Fundi wa kweli hakasiriki akipimwa.

Sasa nina neno kwa wazee wangu ambao ni mafundi wa siku nyingi, waliojifunza chini ya mwembe au katika banda la mjomba, bila chuo. Msidhani somo hili haliwahusu. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Fundi huhojiwa, hupewa kazi ya kufanya mbele ya wakaguzi, nao hutazama uwezo wake. Akionekana anaweza, hupewa cheti. Akipungukiwa mahali, huelekezwa ajifunze sehemu ile. Nanyi pia mna wajibu: mhitimu kijana akija bandani kwako, mpokee. Yeye anajua kusoma mchoro. Wewe unajua tabia ya mbao na ya wateja. Mkikaa pamoja, kila mmoja atamfaidi mwenzake.

Basi, nimalizie kwa vipimo vitatu ambavyo naomba mvitumie badala ya kuhesabu mashada. Mwaka mmoja baada ya mahafali, mtazame mhitimu na kuuliza: Je, anaishi kwa ufundi aliojifunza? Je, kazi zake zimesimama na wenye nazo wanamsifu? Je, yupo mtu anayejifunza kwake? Akipata ndiyo mara tatu, hapo pigeni vigelegele, hata kama hana cheo wala gari. Akipata hapana, msimcheke. Ulizeni kwanza kama alikuwa na vifaa, na kama ninyi mlimpa kazi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja wahitimu wa vyuo vya ufundi walio katika mtaa wenu. Wangapi wanafanya kazi waliyojifunza? Wasioifanya, ni kwa sababu gani?

2. Mnapochangia mahafali, sehemu gani ya mchango inaweza kuwekwa kwa vifaa? Nani ataitunza fedha hiyo?

3. Je, mtaani kwenu kuna binti anayetaka kujifunza ufundi akazuiwa? Kikundi kinaweza kuzungumza na wazazi wake namna gani?

Kazi ya wiki hii: kiongozi wa kikundi aanzishe daftari la mafundi wa mtaa. Aandike jina, ufundi, mahali pa kazi, na idadi ya wanaojifunza. Daftari likae ofisi ya mtaa, ili mwenye kazi amtafute kwanza fundi wa karibu. Mwakani siku ya mahafali lisomwe mbele ya watu wote.