Wasichana Wazaao Wangali Wadogo

Msichana akichukua mimba kabla ya kuutoka utoto wake, majirani huuliza kwanza, "Je, mama yake naye alizaa na umri gani?" Wakijibiwa kwamba alizaa mapema, husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hukumu imekwisha. Huko Marekani watu huongeza neno la rangi ya ngozi. Twawaomba wazazi na walimu wazisikilize habari za nchi ile, maana huko hesabu zimeandikwa miaka mingi.

Mwaka 1957, katika kila wasichana 1,000 wenye miaka 15 hata 19, walizaa 96. Wengi walikuwa wameolewa, kwa hiyo makelele hayakuwa mengi. Mwaka 2023 walizaa 13 tu. Damu ya watu haigeuki upesi hivyo. Lakini tofauti haikwisha: mwaka 2019 katika kila 1,000 Wazungu walizaa 11, na weusi karibu 26.

Asemaye kwamba hiyo ni rangi, na autazame mji wa Baltimore. Mwaka 1910 baraza la mji lilitunga sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia penye Wazungu wengi, na Mzungu vivyo hivyo. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha sheria za namna hiyo, walakini mipaka ilibaki. Katika miaka ya 1930 idara ya serikali ilichora ramani za miji zaidi ya 200, na mitaa iliyodhaniwa kuwa ya hatari kwa wakopeshaji ikatiwa rangi nyekundu. Mitaa ya weusi karibu yote ilikuwa myekundu. Mwenye nyumba huko hakupata mkopo kwa urahisi, na nyumba zikachakaa. Ndiyo sababu binti mweusi na binti Mzungu, hata baba zao wakipata mshahara sawa, mara nyingi hawakui katika mtaa wa namna moja.

Na mtaa una nguvu. Tangu mwaka 1994, katika miji mitano, Baltimore ukiwamo, jamaa maskini waliokaa katika nyumba za serikali walipigiwa kura. Baadhi ya walioangukiwa na kura walipewa hati ya kusaidiwa kodi, wahamie mitaa yenye maskini wachache. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo: watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walipata, katika utu uzima wao, mapato yaliyozidi ya wenzao kwa 31 katika 100, na mabinti waliolea watoto bila baba walipungua. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Tena wote hao mama zao walikuwa wale wale, na ukoo ule ule.

Je, ukoo hauna neno? Unalo, kwa kuwa binti wa mama aliyezaa mapema huzaa mapema kuliko wengine. Lakini Frank Furstenberg, aliyeanza katika miaka ya 1960 kuwafuata wasichana wajawazito kama 400 wa Baltimore, wengi wao weusi na maskini, aliona baada ya miaka 17 kwamba wengi walikuwa wamemaliza shule na kupata kazi. Na wengi wa binti zao hawakuzaa wangali wadogo kama mama zao. Mwaka 1992 wataalamu wengine walilinganisha ndugu wa tumbo moja, huyu aliyezaa mapema na huyu aliyekawia, wakaona kwamba tofauti ya maisha yao ni ndogo sana kuliko ilivyodhaniwa. Umaskini mwingi ulikuwa nyumbani kabla ya mimba.

Liko neno moja zaidi katika habari za Baltimore, nalo lawahusu wazazi hasa. Wasichana waliokaa kwa wazazi wao miaka ya kwanza baada ya kuzaa walimaliza shule kuliko wale waliotoka nyumbani.