Somo la Jioni: Faili la Diski na Mkia wa Jina Lake

Natumaini mmekwisha keti, na kila darasa lina ubao, chaki na mwalimu wake. Somo letu la leo lahusu kompyuta, lakini tutaanza jikoni.

Nyumba nyingi za kwetu huweka mafuta ya taa katika chupa ya soda. Chupa ina jina la soda. Mtoto mwenye kiu huliona jina, hunywa, na mara mama anakimbilia hospitali. Jina la chupa halikugeuza mafuta kuwa soda. Lishikeni jambo hilo, maana mambo ya mafaili ni yayo hayo.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: risiti.pdf. Ninyi wanafunzi someni kwa sauti. (Kituo kidogo.) Vema. Herufi zifuatazo nukta ya mwisho tutaziita mkia wa jina. Mkia huieleza kompyuta faili lifunguliwe kwa njia gani. Pdf ni waraka wa kusoma, jpg ni picha, na exe ni programu, yaani kitu cha kutenda kazi, wala si cha kusomwa. Lakini mkia huandikwa na mtu, na mtu aweza kuandika apendavyo.

Sasa mwalimu aongeze: risiti.pdf.exe. Je, hili ni waraka? La, hasha. Mkia wake ni exe, na ile pdf ya katikati imewekwa ili kudanganya macho. Tena Windows, isipoambiwa vingine, huficha mikia inayoijua, hata mtu akaona risiti.pdf basi. Mimi siipendi tabia hiyo hata kidogo. Ni kama mwenye duka anayegeuza maandishi ya chupa zake yatazame ukutani.

Hila hii ni ya zamani. Mwezi wa Mei 2000 barua iliyotokea Ufilipino ilienea duniani kwa muda mfupi sana, nayo ilichukua faili liitwalo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona TXT, yaani maandishi matupu, wakadhani ni barua ya mapenzi. Mkia wa kweli ulikuwa vbs, nayo ni programu. Waliofungua waliharibiwa picha zao, na barua ikajipeleka yenyewe kwa watu wote walioandikwa katika kitabu chao cha anwani.

Sasa tuje kwenye faili la diski. Ni diski nzima, pamoja na vyote vilivyomo, iliyofungwa katika faili moja. Mkia wake mara nyingi ni iso au img. Lina kazi ya halali: mtu atakaye kuweka Ubuntu katika kompyuta hupakua faili la iso kutoka intaneti. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukilibonyeza mara mbili, kompyuta hulifungua kama vile umetia diski mpya, na vilivyomo huonekana.

Tuseme wewe u katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Daftari la akiba za wanachama limo katika kompyuta ile moja ya ofisi. Inakuja barua: “Tazama hati ya malipo.” Ndani yake mna faili hati.pdf.iso. Unabonyeza, na diski inafunguka. Ndani unaona kitu kimoja chenye sura ya waraka. Ukikibonyeza hicho, programu ya mwizi huanza kazi, na akiba za watu zimo hatarini.

Mwizi hupenda diski kwa sababu moja. Faili likipakuliwa, Windows huligonga muhuri wa kuonyesha kwamba limetoka intaneti, nayo hukuonya kabla ya kuliendesha. Lakini kwa muda mrefu muhuri ulibaki juu ya faili la diski tu, vilivyomo ndani havikugongwa. Ilikuwa kama forodha inayokagua sanduku kwa nje. Microsoft ilisahihisha kosa hilo Novemba 2022, lakini kompyuta isiyopokea masahihisho bado ina tundu lile lile.

Basi tufanyeje? Kwanza, ionyeshe mikia. Katika Windows 11, fungua dirisha la mafaili, bonyeza View, kisha Show, kisha File name extensions. Mwalimu aandike maneno hayo ubaoni, nanyi myanakili. Hata hivyo mkia mmoja, lnk, hautaonekana. Huo ni wa njia ya mkato, nao wezi huutia ndani ya diski makusudi. Kwa hiyo itazameni pia safu ya aina ya faili.

Pili, ulizeni akili zenu. Karani gani hutuma risiti moja ndani ya diski nzima? Futa faili hilo, kisha mpigie simu anayedaiwa kulituma, kwa nambari unayoijua wewe, si ile iliyomo katika barua.

Kama uliitaka diski kweli, ipakue kwa wenyewe walioitengeneza. Ukiwa na programu kama 7-Zip, waweza kutazama orodha ya vilivyomo pasipo kuviendesha. Kisha linganisha alama ya faili, ambayo ni kama alama ya kidole gumba. Iitwayo SHA-256 ina tarakimu na herufi 64. Faili likibadilishwa hata kidogo, alama hubadilika yote. Katika Windows huandikwa amri certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakageuza kiungo ili watu wapakue diski yenye mlango wa siri. Wenyewe walipogundua walitangaza alama za kweli, na waliokwisha pakua wakaweza kulinganisha.

Na aliyekwisha bonyeza? Aikate kompyuta na intaneti mara moja, asiitumie kwa mambo ya fedha, na amwite fundi. Kunyamaza kwa haya ndiko kunakompa mwizi nafasi.

Kazi ya nyumbani. Mwalimu aandike majina haya: barua.docx, harusi.jpg.exe, mkopo.pdf.iso, hesabu.xlsx. Kila mmoja apige mstari chini ya mkia wa kweli, na aandike ni lipi asingelifungua, na kwa nini. Majibu tutayasoma Jumanne ijayo, saa kumi na moja jioni. Kwaherini.